Video za Sayansi kwa Watoto Wetu: Nani Anazichuja Kabla Hazijafika Darasani?

Mnamo Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliutangazia umma kuwa virusi vya Marburg vimethibitika wilayani Biharamulo. Kwetu sisi wa Nyamiaga, wilayani Ngara, hiyo haikuwa habari ya mbali. Watu wa Biharamulo ni jirani zetu. Tunauziana mazao, tunaoleana na tunazikana. Tena ilikuwa mara ya pili kwa mkoa wetu wa Kagera, kwani Machi 2023 maradhi hayo yalikwishajitokeza upande wa Bukoba. Alhamdulillah, Machi 13, 2025 Serikali ilitangaza kuwa mlipuko ule umekwisha.

Katika wiki zile za hofu, simu zetu zilijaa video. Zilikuwemo zilizoeleza kwa utulivu kwamba virusi hivi hukaa kwa popo wala matunda, kwamba humfikia mtu mwingine kupitia majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na kwamba kunawa mikono na kujiepusha kugusa ni kinga. Zilikuwemo pia zilizodai kuwa ni kurogwa, na zilizouza dawa za kunywa zisizojulikana asili yake. Watoto waliziona zote kwa pamoja, kwa sababu katika nyumba nyingi za huku simu ya baba au mama ndiyo televisheni ya nyumba. Mtoto wa darasa la nne atajuaje ipi ni ya kweli?

Swali hilo ndilo lililotufanya sisi katika kamati ya msikiti, pamoja na walimu wa madrasa na baadhi ya wazazi wanaofundisha shule za msingi, tukae na kulitazama kwa makini jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo: video za sayansi kwa watoto wa shule za msingi. Zinapatikana wapi? Zipi zinafaa? Zipi zina makosa? Na mwalimu mwenye darasa kubwa, umeme wa kukatika na bando la kuhesabu, azitumieje?

Kwa nini video, na kwa nini sasa

Somo la Sayansi katika shule ya msingi limejaa mambo ambayo jicho haliyaoni. Mtoto anafundishwa kwamba moyo unasukuma damu, lakini hajauona moyo ukifanya kazi. Anaambiwa kuna vimelea katika maji machafu, lakini tone la maji analolitazama ni safi machoni mwake. Anaambiwa dunia inajizungusha, lakini yeye anaona jua ndilo linalotembea kutoka upande wa Biharamulo kwenda upande wa Burundi, au kinyume chake akikosea mashariki na magharibi. Shule nyingi za msingi hazina hadubini wala maabara. Mwalimu ana ubao, chaki na kipaji chake cha kuchora. Video nzuri ya dakika 4 inaweza kumwonyesha mtoto kile ambacho mwalimu angekieleza kwa saa nzima bila kueleweka.

Vifaa navyo vimeanza kusogea. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu wa shule za umma. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, unamtaka mwanafunzi atende na aoneshe umahiri, asiishie kukariri. Kwa hiyo kifaa kipo mkononi mwa mwalimu na mtaala unamruhusu. Linalobaki ni maudhui.

Wilaya yetu si ngeni katika kufundisha kwa vyombo vya mawasiliano. Baada ya wimbi la wakimbizi la mwaka 1994, walipovuka maelfu kwa maelfu katika daraja la Rusumo, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapa Ngara mwaka 1995, na watu wengi wa umri wetu wamekua wakiisikiliza. Mwaka 2020 nao, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya UVIKO-19 na kufunguliwa tena mwishoni mwa Juni, vipindi vya masomo vilirushwa kwa redio na televisheni. Waliokuwa na chombo walisoma, na wasiokuwa nacho walisubiri. Funzo tulilolipata ni kwamba kinachotegemea mawimbi ya moja kwa moja humwacha nyuma mtoto wa kijijini, na kinachoweza kuhifadhiwa na kuchezwa baadaye humfikia.

Dini yetu na jicho linalotazama

Wapo wanaodhani kuwa habari za sayansi na picha zake ni mambo ya shule tu, hayahusu msikiti. Tunawakumbusha ndugu zetu kwamba wahyi wa kwanza uliomshukia Mtume Muhammad (s.a.w.) ulianza kwa amri ya kusoma. Katika Suratul Ghashiya, Allah Mtukufu anawahimiza watu wamtazame ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Hayo ni mambo ya kutazamwa kwa jicho kisha kutafakariwa kwa moyo. Na katika Suratul Israa tunakatazwa kuyafuata tusiyo na elimu nayo, tukionywa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mzazi anayemkabidhi mtoto simu anakabidhi masikio, macho na moyo wa mtoto huyo kwa yeyote aliyetengeneza video.

Elimu ya kuona yenyewe ina deni kwa Mwislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir. Kabla yake walikuwapo waliosema kuwa jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Yeye alionesha kuwa tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, na alifanya majaribio kwa chumba chenye giza na tundu dogo. Jaribio hilo mtoto wa Nyamiaga anaweza kulirudia leo. Achukue boksi, alitoboe upande mmoja kwa sindano, na upande wa pili aukate na kuufunika kwa karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta kidogo. Akijifunika kwa kitenge na kulielekeza tundu nje penye mwanga, ataona mgomba ukiwa kichwa chini kwenye karatasi. Kamera ya simu inafanya kazi kwa msingi huo huo, ila yenyewe imewekewa lenzi.

Zinapatikana wapi

Tukianza na za Kiswahili, jina la kwanza ni Ubongo Kids. Hiki ni kipindi cha katuni kinachotengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, na kilianza kurushwa TBC1 mwaka 2014. Kinafundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo, kwa watoto wa umri wa shule ya msingi. Wadogo zaidi, wa chekechea, wana kipindi chao cha Akili and Me kutoka shirika hilo hilo. Ubora wake mkubwa ni kwamba kimetungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mazingira yake ni ya kwetu. Mtoto anaona nyani, mihogo na vumbi la barabara anavyovijua.

Jambo la lugha si dogo huku kwetu. Watoto wengi wa Ngara nyumbani huzungumza Kihangaza au Kishubi. Kiswahili wanakipata shuleni, madrasani na sokoni. Katika shule za msingi za umma Sayansi hufundishwa kwa Kiswahili. Ukimletea mtoto huyo video ya Kiingereza chenye kasi ya Kimarekani, umemwekea kuta mbili mbele yake. Ataona rangi zikipita, atacheka, kisha atatoka bila kitu. Kwa shule zinazofundisha kwa Kiingereza hali ni tofauti, lakini hata huko mwalimu ni bora azime sauti na kueleza mwenyewe kwa mwendo wa wanafunzi wake.

Pili ni Taasisi ya Elimu Tanzania. Maktaba mtandao yake ina vitabu vya kiada vinavyosomwa bure. Vitabu si video, lakini tunavitaja hapa kwa sababu ndivyo kipimo. Kabla ya kutafuta video, mwalimu na mzazi wasome kwanza sura ya kitabu cha kiada, wajue mtoto anatakiwa kujua nini, ndipo watafute. Anayeanza na video huishia kufundisha alichokipata badala ya kinachotakiwa.

Tatu ni Khan Academy, ambayo baadhi ya maudhui yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Nne ni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, iliyoasisiwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Haya ni majaribio ya kuigiza ambayo mtoto anayachezesha kwa kidole, kama vile kuunganisha betri, waya na balbu. Baadhi yamewekwa kwa Kiswahili, na yakishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti. Tano, kwa mambo ya udongo, mbolea, wadudu na magonjwa ya mimea, ipo Access Agriculture, yenye video za wakulima katika lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwemo. Zimetengenezwa kwa ajili ya wakulima wazima, lakini mtoto anayeishi katikati ya migomba, kahawa na maharage huzielewa upesi kuliko katuni ya anga za juu.

Ipo pia programu iitwayo Kolibri, inayotolewa bure na shirika la Learning Equality. Hii hukusanya masomo na video kwenye kompyuta moja, kisha vishikwambi na simu zilizo karibu huzisoma kutoka hapo bila bando. Kwa shule yenye kompyuta moja na kishikwambi cha mwalimu, hiyo ni njia ya kuangaliwa.

Mizani ya kupimia

Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Tumeufanya mwongozo huo kuwa mizani yetu, na tumeugawa katika maswali manne.

Swali la kwanza: nani ameitengeneza, na anataka nini? Video isiyo na jina la mtu wala taasisi inayowajibika, hata ikiwa na picha nzuri kiasi gani, haifai kuingia darasani. Siku hizi mashine zinatunga sauti na picha za kuvutia zisizo na mwalimu nyuma yake. Na ikiwa mwishoni mwa maelezo kuna dawa au bidhaa inayouzwa, hilo ni tangazo la biashara na si somo.

Swali la pili: je, yanayosemwa ni sahihi? Hapa panataka uangalifu, kwa sababu hata video za watu wakweli huwa na makosa yanayojirudia. Tunataja manne ambayo mzazi yeyote anaweza kuyakagua.

Kosa moja ni kusema kuwa mwezi huonekana mwembamba kwa sababu kivuli cha dunia kimeufunika. Mwislamu anayetafuta mwezi mwandamo hapaswi kuupokea uongo huu. Hilali tunaitazama magharibi mara baada ya jua kuzama, yaani upande lilikokwenda jua. Kivuli cha dunia kwa wakati huo kiko upande wa pili kabisa. Nusu moja ya mwezi daima inaangazwa na jua, na tunachokiona kinategemea ni kiasi gani cha nusu hiyo kimetuelekea. Kivuli cha dunia huufikia mwezi wakati wa kupatwa kwa mwezi tu, na hilo hutokea katikati ya mwezi wa Kiislamu, mwezi ukiwa mpevu. Kupatwa kwa jua hutokea mwishoni mwa mwezi wa Kiislamu. Mtoto anayeijua kalenda ya Hijria ana kipimo tayari mkononi. Jambo jingine la kuwaeleza watoto: katuni nyingi za Ulaya huchora hilali imesimama wima, ilhali huku kwetu karibu na ikweta mara nyingi hulala kama mtumbwi. Mtoto akiuliza kwa nini, ujue ameanza kuwa mwanasayansi.

Kosa la pili ni majira manne, yenye theluji na majani yanayopukutika, kuelezwa kana kwamba ni ya dunia nzima. Ngara iko takribani nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta. Tuna vuli na masika na vipindi vya ukavu kati yake. Mtoto asifundishwe kuwa hali ya hewa ya kijiji chake ndiyo isiyo ya kawaida. Tena asiambiwe kuwa majira huletwa na dunia kulikaribia au kuliepuka jua. Chanzo ni kule kuinama kwa mhimili wa dunia.

Kosa la tatu ni damu ya buluu. Michoro hupaka mishipa ya vena rangi ya buluu ili kuitofautisha na ateri, kisha mtoto akaamini kuwa ana damu za rangi mbili. Damu ya binadamu ni nyekundu wakati wote. Yenye oksijeni kidogo huwa nyekundu iliyoiva. Kosa la nne ni kusema kuwa mimea huvuta kabonidayoksaidi na kutoa oksijeni, kisha kuishia hapo. Mimea nayo hupumua usiku na mchana kama viumbe wengine. Kutengeneza chakula kwa nuru ya jua ni kazi nyingine inayofanyika mwanga ukiwepo.

Swali la tatu: je, inapatana na maadili, na ina usalama? Video yenye mavazi au maneno yasiyofaa tunaijua sote. Zinazojificha zaidi ni zile za majaribio ya moto, pombe kali na kemikali, ambazo mtoto atataka kuyarudia jikoni akiwa peke yake. Na video ikichezwa moja kwa moja kutoka intaneti, matangazo ya kamari huweza kukatiza katikati ya somo. Kwa hiyo tumeshikilia kanuni kwamba kinachooneshwa watoto kiwe kimekwishapakuliwa kwa ruhusa ya wenyewe na kutazamwa na mtu mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Uongo unaovaa kanzu

Swali la nne tumelitenga peke yake, kwa kuwa ndilo zito kwetu: je, inaitetea dini kwa uongo?

Kwa miaka mingi imesambazwa habari kwamba Neil Armstrong, aliyetua mwezini Julai 1969, alisikia adhana akiwa huko, na kwamba baadaye akasilimu. Mwenyewe alikanusha alipokuwa hai. Lakini hata bila kukanusha kwake, mtoto wa shule ya msingi aliyejifunza sura ya sauti anaweza kuijibu. Sauti husafiri kwa kutikisa hewa, maji au kitu kigumu. Mwezini hakuna hewa ya kuibeba sauti, na wanaanga wale walizungumza kwa redio ndani ya mavazi yao. Vilevile husambazwa picha ya ufa mrefu juu ya uso wa mwezi, ikidaiwa kuwa ni alama ya muujiza wa kupasuka kwa mwezi. Ufa huo unaitwa Rima Ariadaeus. Una urefu wa takribani kilomita 300, hauuzunguki mwezi, na mwezini kuna mipasuko mingine ya namna hiyo.

Tuelewane vizuri. Muujiza wa Mtume (s.a.w.) tunauamini kwa dalili za Qur'ani na hadithi sahihi, na dalili hizo hazijawahi kuomba msaada wa picha ya simu. Hatari iko hapa: mtoto akifundishwa kuwa picha hii ndiyo ushahidi wa imani yake, siku atakapojua ukweli wa picha atadhani na imani imeanguka. Anayeitetea haki kwa uongo anaidhoofisha. Mtume (s.a.w.) alitupa mfano bora. Mwanawe Ibrahim alipofariki, jua likapatwa siku hiyo hiyo, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Yeye, katika huzuni yake, aliwasahihisha na kuwafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Allah, na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Hakuliacha kosa lipite, ingawa lingemtukuza machoni pa watu.

Jambo hilo linakuja tena mbele yetu. Septemba 1, 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama jua likipatwa na kubaki mfano wa pete. Agosti 2, 2027 jua litapatwa kikamilifu katika njia itakayopita kaskazini mwa Afrika, Makka na Yemen hadi Somalia. Tujiandae kupokea video za kila namna, za elimu na za uzushi. Ni vyema watoto wawe wameshafundishwa mapema sababu yake, namna ya kuswali swala ya kupatwa, na hatari ya kulitazama jua kwa macho matupu.

Namna ya kuitumia darasani

Video haifundishi yenyewe. Tulichokiona kinafaa ni mpango mfupi. Kabla ya kuonesha, mwalimu anauliza swali na watoto wanakisia majibu. Kisha inaoneshwa sehemu ya dakika 2 au 3, na kusimamishwa. Watoto wanaeleza walichoona, mwalimu anasahihisha, kisha sehemu hiyo inarudiwa mara moja. Baada ya hapo skrini inazimwa na mikono inaanza kazi. Waliotazama moyo wanahesabu mapigo yao kabla na baada ya kukimbia. Waliotazama vimelea wanapakana unga mikononi, wanasalimiana, kisha wanaona umefika wapi. Ndipo wanaelewa kwa nini wahudumu wa afya walitutaka tusishikane mikono na tusiguse maiti bila wao katika siku za Marburg. Waliotazama umeme wa maji wanatengeneza gurudumu la vijiti chini ya bomba, na kuambiwa kuwa maporomoko ya Rusumo, hapa hapa wilayani kwetu, yanaendesha mitambo ya megawati 80 inayogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi.

Kwa darasa la watoto wengi, kishikwambi kimoja hakitoshi kuonwa na wote. Wagawanywe makundi ya watoto 10 hadi 15. Kundi moja linatazama, mengine yanafanya zoezi, kisha yanabadilishana. Spika ndogo ya kuchaji inasaidia sana. Kuhusu gharama, video ya dakika 5 katika ubora wa 360p huchukua takribani MB 15 hadi 30, na ubora huo unatosha kabisa. Mtu mmoja akipakua na kuweka kwenye flashi ya GB 16, mamia ya video zinaweza kuzunguka shule na madrasa za kata nzima bila kila mwalimu kununua bando lake.

Skrini katika uwanja wa msikiti

Haikuwa rahisi kukubaliana kuhusu mahali pa kuoneshea. Mzee mmoja wa kamati, mtu tunayemheshimu kwa elimu na kwa uchungu wake kwa watoto, aliuliza: "Tukiwazoesha skrini hapa, kesho tutawaambia vipi waachane nayo nyumbani?" Swali lake lina uzito, na hatukulipuuza. Wengine walisema kuwa watoto wanaiona skrini tayari, na bora waione mbele ya mwalimu. Kuhusu muziki na picha za viumbe, wanazuoni wana mitazamo yao inayojulikana, na makala hii haikukusudia kuiamua.

Tulichoafikiana ni haya. Video ioneshwe katika chumba cha madrasa, na isiingie kamwe mahali pa kuswalia. Iwe mara moja kwa wiki, isizidi dakika 10, na isigongane na wakati wa swala. Yenye muziki izimwe sauti, mwalimu aeleze mwenyewe. Na tumegundua kuwa watoto huuliza maswali mengi zaidi namna hiyo. Watu wawili waitazame kabla, mmoja mwenye elimu ya dini na mmoja mwalimu wa shule. Mzee wetu alikubali kuwa mmoja wa wanaotazama kabla, na tangu hapo amekwishazuia video kadhaa ambazo sisi vijana tungezipitisha.

Faida nyingine imekuja bila kutafutwa. Waislamu huku Ngara si wengi kama ilivyo Pwani, na walimu wengi wa watoto wetu shuleni ni ndugu zetu Wakristo. Tulipowapelekea orodha ya video tulizozichuja, waliipokea kwa furaha, wakatupa na za kwao. Elimu ya mwezi na damu na vimelea haina ugomvi kati yetu.

Wazazi na kamati za misikiti mingine tunawaomba mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Chagueni watu wawili wa kuchuja. Nunueni flashi moja na muijaze taratibu, mada kwa mada, mkifuata kitabu cha kiada. Na kila mara mtoto anapokuja na video ya ajabu kwenye simu, msimfukuze. Kaeni naye, mwulizeni imetoka kwa nani na amejuaje kuwa ni kweli. Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo nyumbani atajiuliza mwenyewe siku maradhi mengine yatakapobisha hodi mkoani kwetu, Allah atuepushie.

Tunamwomba Allah Mtukufu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awalinde na uongo unaofanana na kweli, na awalipe walimu wao kheri duniani na akhera. Wabillahi tawfiq.